Flashi Inaokoa Nini?

Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza kwa wateja wake sasisho dogo la programu ya ulinzi wa kompyuta. Faili la sasisho hilo lilikuwa na kasoro, na programu iliyolisoma hufanya kazi ndani kabisa ya Windows, mahali ambapo kosa moja huangusha mfumo mzima. Kompyuta zikawa zinatoa skrini ya buluu, zinajizima, zinajiwasha, zinarudi kwenye buluu ile ile. Kampuni ililiondoa faili hilo saa mbili na dakika 27, lakini maji yalikwisha kumwagika: kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeanguka. Hiyo ni chini ya asilimia moja ya kompyuta zote za Windows duniani, na bado ilitosha kukwamisha viwanja vya ndege, benki na hospitali. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku tano.

Dawa ilikuwa nyepesi: ingia kwenye folda ya draiva, tafuta faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291, lifute, washa upya. Tabu ni kwamba kompyuta inayoanguka kabla ya kumaliza kuwaka haishiki intaneti wala haisikii amri kutoka makao makuu. Mtu alipaswa kuinuka kwenye kiti chake, aende akasimame mbele ya kila mashine. Siku hizo ndipo Microsoft ilipotoa zana ya kutengeneza flashi ya kuwashia, yenye ukubwa usiopungua GB 1 na usiozidi GB 32, ifanye kazi hiyo ya kufuta bila fundi kuandika amri kwa mkono. Katika karne hii ya huduma za mawinguni, mashirika tajiri kuliko yote yalirudi kutembea na flashi mfukoni.

Kwa hiyo swali la kama flashi ya kuwashia bado ina kazi limeshajibiwa. Lililobaki ni gumu zaidi: flashi hiyo inaokoa nini hasa, na kwa nini inashindwa mara nyingi siku inapohitajika?

Huku kwetu jibu la kawaida linajulikana. Kompyuta ikigoma kuwaka inapelekwa kwa fundi, na fundi anapiga Windows. Anachomeka flashi, anabonyeza F9 kama ni HP au F12 kama ni Dell au Lenovo, menyu inatokea, anachagua flashi, na baada ya kubofya mara chache anafika kwenye ukurasa unaouliza Windows ikae wapi. Pale anaona orodha ya patisheni. Anazifuta moja baada ya nyingine mpaka ibaki nafasi tupu, anabofya kuendelea, na saa moja baadaye mteja anakabidhiwa mashine inayowaka kama mpya. Bei ni ndogo na kila mtu anaondoka ameridhika, hadi mteja anapokumbuka picha za harusi na vitabu vya hesabu za duka.

Sisemi mafundi ni wabaya. Wengi wao hufanya hivyo kwa sababu mteja amesema tu "imenizimikia, nitengenezee", na kupiga Windows ndiyo njia ya uhakika ya kuifanya iwake. Ila kuiwasha kompyuta ni jambo moja na kuyaokoa mafaili ni jambo jingine, na tofauti hiyo imekuwa kali zaidi tangu diski za SSD zienee. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, patisheni iliyofutwa huacha data nyingi mahali pake, na programu kama TestDisk na PhotoRec, kazi ya Mfaransa Christophe Grenier, zinaweza kuzifukua. SSD ni kesi nyingine. Mfumo unapofuta, hutuma amri iitwayo TRIM inayoiambia diski kwamba nafasi zile hazina kazi tena, na diski huzisafisha kwa wakati wake. Baada ya hapo fukua utakavyo, unakuta sifuri.

Ndiyo maana naona flashi ya kwanza ambayo mtu anapaswa kuwa nayo haina Windows ndani. Ni ile inayowasha mfumo mwingine kabisa kwenye kumbukumbu ya RAM, bila kugusa diski, ili mafaili yachotwe kwanza. Klaus Knopper wa Ujerumani aliieneza njia hii kwa Knoppix mwaka 2000, wakati huo kwenye CD. Leo zipo nyingi: Ubuntu na Linux Mint huwaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi, SystemRescue imeundwa mahususi kwa kazi hii, na wanaopendelea sura ya Windows wana Hiren's BootCD PE. Unawasha, unafungua folda, unachomeka diski ya nje, unanakili. Hakuna ufundi wa ajabu hapo.

Diski yenyewe ikiwa inakufa, yaani inagonga-gonga, inasoma kwa kusuasua, au inapotea na kurudi, utaratibu unabadilika tena. Wengi hukimbilia amri za kukarabati, na ukarabati maana yake ni kuisomesha na kuiandikisha diski ambayo pumzi zinahesabika. Kinachotakiwa ni kuinakili nzima kwanza kwa ddrescue, ambayo huchota sehemu nzima kwa haraka na kuziacha sehemu mbovu kwa raundi za baadaye, kisha ukarabati ufanywe kwenye nakala. Ddrescue imo ndani ya SystemRescue. Ukarabati wa haraka kwenye diski inayougua ndiyo njia ya kawaida ya kugeuza tatizo dogo kuwa msiba.

Kutengeneza flashi zenyewe kumekuwa rahisi kiasi kwamba watu hawaulizi tena kinachoendelea ndani. Lakini bila kukijua, mtu hataelewa kwa nini flashi iliyowaka kwenye kompyuta ya jirani inagoma kwenye yake. Kompyuta za zamani, za enzi ya BIOS, zilisoma baiti 512 za mwanzo za flashi, zikatazama kama mwishoni mwake kuna alama ya 55 AA, na zikiikuta zilitekeleza kilichomo bila kuuliza kinatoka wapi. Kompyuta za kisasa, za UEFI, hazifanyi hivyo. Zinatafuta patisheni ya FAT na ndani yake faili lenye jina maalumu, BOOTX64.EFI, kwenye folda ya EFI/BOOT. Flashi iliyoandaliwa kwa mtindo mmoja tu haionekani kwa mtindo wa pili, na hiyo ndiyo sababu Rufus, programu ya kutengenezea flashi, hukuuliza mapema uchague MBR, ya mtindo wa zamani, au GPT, ya mtindo mpya. Anayebofya tu kinachokuja mbele yake hukutana na matokeo ya chaguo hilo akiwa na presha.

Kuna pia kikwazo cha FAT32, ambayo haipokei faili linalofika GB 4. Faili kuu la Windows ndani ya ISO za sasa, yaani mafaili yanayobeba diski nzima ya kusakinishia, limepita kiwango hicho, hivyo anayejaribu kuburuta mafaili kwa mkono anakwama katikati. Zana ya Microsoft ya kutengeneza flashi hukwepa hilo kwa kutumia faili lililobanwa zaidi. Rufus, ambayo Pete Batard aliitoa mwaka 2011, huweka Windows kwenye NTFS na kuongeza kipatisheni kidogo cha FAT cha kufungulia njia. Ventoy ina mtindo wake: unaiweka mara moja, halafu unanakili ISO kadiri flashi inavyobeba, na wakati wa kuwasha unachagua kwenye menyu. Kwa fundi anayezunguka, Ventoy ni mkombozi, ingawa wapo wanaoilalamikia kwa kubeba vipande vilivyokwisha kuundwa ambavyo si rahisi kuvikagua. Kwa mtu wa nyumbani mwenye kompyuta moja sioni haja yake. Flashi mbili za GB 16, moja ya Linux na moja ya Windows, zinatosha na hazichanganyi.

Mabadiliko makubwa, hata hivyo, yako kwenye suala la nani anaruhusiwa kuwasha. Zamani flashi ya namna hii ilikuwa ufunguo malaya: ukiwa nayo, unafungua kompyuta yoyote, unasoma kila kitu, unabadilisha nenosiri la mwenyewe, unaondoka. Kilichomsaidia fundi kilimsaidia mwizi vile vile. Tangu Windows 8 mwaka 2012, kompyuta nyingi huja na Secure Boot, utaratibu ambao UEFI hukagua saini ya kidijitali kabla ya kukubali kuwashwa na kitu chochote. Vyeti vya kukagulia saini hizo kwa sehemu kubwa ni vya Microsoft, na hata Linux hupita mlango huo kwa kipande kidogo kiitwacho shim ambacho Microsoft hukitia saini.

Hapo flashi ilianza kuwa na umri. Machi 2023 watafiti wa kampuni ya ESET walieleza kirusi kiitwacho BlackLotus, kilichoweza kuipita Secure Boot hata kwenye Windows 11 iliyosasishwa. Hakikuvunja saini yoyote. Kilikuja na programu ya zamani ya kuwashia Windows, yenye udhaifu unaojulikana lakini yenye saini halali ya Microsoft. Njia pekee ya kuziba tundu hilo ni kuzifutia uhalali programu zote za zamani za kuwashia, na programu hizo ndizo zilizokaa ndani ya flashi na DVD za uokozi zilizotengenezwa miaka ya nyuma. Microsoft ilianza kazi hiyo Mei 2023 kwa hatua za polepole, kwa sababu ilijua kwamba ikikaza mara moja, flashi halali zisizo na idadi zingekataliwa na mashine ambazo zilitengenezwa kuziokoa. Agosti 2024 watumiaji wa Linux walionja upande wao wa shubiri hiyo: sasisho la Windows lilifuta uhalali wa shim za zamani, na waliokuwa na mifumo miwili kwenye kompyuta moja wakaamka wakakuta upande wa Linux hauwaki. Juu ya hayo, vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011 vimepangiwa kuanza kuisha muda wake Juni 2026, na nafasi yao inachukuliwa na vya mwaka 2023. Microsoft yenyewe inashauri flashi ya uokozi itengenezwe upya kila mwaka. Zamani ushauri huo ungeonekana wa kujihami tu. Sasa una sababu za kiufundi.

Kufuli la pili ni BitLocker, usimbaji wa diski uliomo ndani ya Windows, na kwa maoni yangu ndilo litakaloumiza watu wengi zaidi hapa kwetu miaka ijayo. Wakati wa mkasa wa CrowdStrike, njia ya kwanza ya zana ya Microsoft iliwasha Windows ndogo iliyokaa kwenye flashi, na pale diski ilipokuwa imefungwa kwa BitLocker iliuliza ufunguo wa akiba, tarakimu 48 katika mafungu manane. Mashirika yaliyokuwa na funguo hizo kwenye seva ambazo nazo zilikuwa zimeanguka yalijikuta nje ya nyumba yao yenyewe. Njia ya pili ilipitia hali salama ya Windows na iliweza kuukwepa ufunguo, mradi mhusika awe na akaunti yenye mamlaka kwenye mashine ile.

Mtu wa kawaida hudhani BitLocker ni mambo ya mabenki. Lakini kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwishoni mwa 2024, anayesakinisha upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft hufungiwa diski kimyakimya, na ufunguo hutunzwa kwenye akaunti hiyo. Sasa rudi kwa yule fundi. Windows inamtaka barua pepe kabla ya kuendelea, mteja hayupo, foleni ni ndefu, fundi anaweka ya kwake. Ufunguo wa diski ya mteja umekwenda kuhifadhiwa kwenye akaunti ya fundi. Mwaka mmoja baadaye mashine inagoma, mteja amehamia mji mwingine, fundi amebadilisha namba ya simu, na hakuna flashi duniani itakayosoma diski ile. Wala haihitaji hitilafu kubwa kufika hapo. Mtu anaweza kuzima Secure Boot ili tu awashe flashi ya Linux, akirudi Windows akakuta inamdai tarakimu 48, kwa sababu kompyuta imeona mazingira ya kuwashia yamebadilika.

Ufunguo huo unapaswa kuandikwa kwenye karatasi na kuwekwa mbali na kompyuta. Kuuhifadhi kwenye diski ile ile unayotaka kuifungua ni kichekesho, lakini kinatokea.

Wengine hutegemea sehemu ya uokozi iliyojengwa ndani ya Windows na kuona flashi ni mzigo. Sehemu hiyo ni nzuri, tatizo ni makazi yake. Iko kwenye diski ile ile, hivyo diski ikifa inakufa nayo. Pia husasishwa pamoja na Windows, na sasisho linaweza kuiharibu. Tarehe 14 Oktoba 2025, siku ile ile ambayo msaada wa kawaida kwa Windows 10 ulikoma, Microsoft ilitoa sasisho la Windows 11 lililofanya kibodi na mausi za USB zisifanye kazi ndani ya sehemu ya uokozi. Menyu inaonekana, chaguo zote zipo mbele yako, na hakuna kinachobonyezeka. Marekebisho yalitoka tarehe 20 ya mwezi huo, lakini yalimfaa yule ambaye Windows yake bado ilikuwa inawaka. Aliyekwisha kuzama alihitaji kitu kutoka nje.

Kuisha kwa Windows 10 kumeleta foleni nyingine. Laptopu nyingi za mtumba ziko hai na zina nguvu ya kutosha, ila hazina moduli ya usalama ya TPM 2.0 ambayo Windows 11 inaidai. Rufus inaweza kutengeneza flashi inayoruka ukaguzi huo, na mafundi wanaitumia. Inafanya kazi, ingawa Microsoft haimhakikishii mtu wa namna hiyo masasisho ya siku za mbele. Kwa mashine ya kuandikia barua na kuingia mtandaoni, ningeweka Linux Mint nikalala usingizi. Laptopu nyingine za mtumba huja na nenosiri la BIOS lililowekwa na mwenye mali wa kwanza, likizuia kuwashwa kwa flashi kabisa. Hilo lijaribiwe dukani kabla ya kulipa.

Tusisahau flashi yenyewe. Sokoni zimejaa zilizochezewa: kidhibiti cha ndani kimefundishwa kudanganya kwamba ni GB 512 wakati chipu ni ndogo mara nyingi. Unanakili, inapokea bila kulalamika, na kilichozidi ukubwa halisi kinapotea. Kwenye Windows programu ya H2testw, na kwenye Linux F3, hujaza flashi kwa data na kuisoma tena ili kuona kilichobaki. Flashi ya uokozi haihitaji ukubwa wa kutisha. Zana ya Microsoft ya kusakinishia hutaka GB 8, na ile ya kutengeneza diski ya uokozi yenye mafaili ya mfumo hutaka GB 16 au zaidi. Zote mbili hufuta kila kilichokuwemo, jambo ambalo huandikwa kwenye skrini na hakuna anayelisoma.

Na ISO ilitoka wapi? Windows hupatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft; kinacholipiwa ni leseni. Hata hivyo mafundi hupeana ISO zilizopunguzwa uzito na kuamilishwa tayari, na mwenye mashine hajui kilichoongezwa pamoja na kilichopunguzwa. Hata chanzo halali kinaweza kuvamiwa. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kuelekeza kiungo cha kupakulia kwenye ISO iliyotiwa mlango wa nyuma. Aliyelinganisha alama ya faili lake na ile ya toleo halisi aliweza kuuona mtego. Kwenye Windows kazi hiyo hufanywa na amri ya Get-FileHash, kwenye Linux sha256sum, na inachukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Wenye Mac wana habari fupi. Kwenye Mac zenye chipu za Apple, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2020, hatua za mwanzo kabisa za kuwaka hukaa kwenye hifadhi ya ndani, hivyo flashi ya kusakinishia haisaidii kama mafaili ya hatua hizo yameharibika. Dawa ni Mac nyingine, waya wa USB-C na programu ya Apple Configurator. Huo ndio mwelekeo wa mambo: kadiri mashine zinavyolindwa, flashi inapungukiwa mamlaka.

Mtu anayetaka flashi yake imfae basi aijaribu kompyuta ikiwa nzima. Jaribio lenyewe ni kuiwasha mpaka mwisho, maana kuiona tu kwenye menyu hakutoshi. Je, Secure Boot inaikubali kama ilivyo? Kibodi inafanya kazi? Wi-Fi inashika? Na zaidi ya yote, diski ya ndani inaonekana? Laptopu nyingi zenye vichakataji vya Intel vya miaka ya karibuni huiweka diski nyuma ya mfumo uitwao VMD, na kisakinishi cha Windows kikifika pale pa kuchagua diski huonyesha orodha tupu. Fundi asiyejua hutangaza kwamba diski imekufa na kumuuzia mteja nyingine. Kinachokosekana ni draiva ya Intel, ambayo hupakuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, hufunguliwa kutoka kwenye kifurushi chake, na kuwekwa kwenye folda ndani ya flashi ile ile, kisha huchaguliwa kwa kitufe cha kupakia draiva kilicho chini ya ile orodha tupu.